Jiwe la Angani Liitwalo Mombasa: Nani Aliligundua, na Jina Lilitoka Wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kijana wangu yuko kidato cha pili hapa Mombasa. Majuzi alinionyesha kwenye simu kwamba kuna sayari ndogo angani inayoitwa Mombasa. Mjomba wake akacheka, akasema hayo ni mambo ya kulipia tu, kwamba mwenye pesa zake anaweza kuibandika nyota jina lolote alitakalo. Naomba utuamulie. Je, ipo kweli? Nani aliigundua, na kwa nini akaipa jina la mji wetu? Na je, haiwezi kutuangukia siku moja? (Mzazi, Mombasa)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kijana wako amesema kweli, na mjomba naye hajakosea moja kwa moja. Nitamfikia huko mbele.

Nianze na hofu ya kuangukiwa, maana hiyo ni rahisi kuiondoa. Jina lake rasmi ni 1428 Mombasa, nayo ni asteroidi, yaani mojawapo ya yale mawe yanayolizunguka Jua katika ukanda mpana ulio kati ya Mirihi na Mshtarii. Likiwa karibu kabisa na Jua, jiwe hili huwa umbali wa kilomita milioni 360 hivi. Likiwa mbali kabisa hufika kilomita milioni 480. Dunia yetu iko kilomita milioni 150 kutoka kwenye Jua. Piga hesabu mwenyewe: hata sisi na hilo jiwe tukiwa upande mmoja, siku ambayo liko karibu kuliko zote, bado kati yetu kuna zaidi ya kilomita milioni 200. Lina njia yake na sisi tuna yetu. Mzunguko wake mmoja huchukua miaka minne na miezi minane hivi, kwa hiyo tangu ligunduliwe mwaka 1937 halijamaliza hata mizunguko 20.

Upana wake ni kati ya kilomita 50 na 60. Chukua ramani upige mstari ulionyooka kutoka Mombasa hadi Kilifi. Jiwe lina upana wa kama hapo. Ni kubwa kwa asteroidi, kwa kuwa nyingi zinazojulikana hazifiki hata kilomita tano. Rangi yake ni nyeusi: mwanga wa Jua unaolipiga hurudi kama asilimia 5 tu, unaobaki unamezwa na kuligeuza jiwe kuwa na joto kidogo. Na joto hilo ndilo lililotupa vipimo vyake. Kwa darubini ya kawaida huwezi kujua kama nukta unayoiona ni jiwe dogo jeupe au jiwe kubwa jeusi, maana yote mawili hung'aa sawasawa. Lakini jiwe kubwa jeusi hutoa joto jingi zaidi. Ndiyo maana vyombo vya angani vinavyopima mionzi ya joto, kuanzia IRAS ya mwaka 1983 hadi vile vya Marekani na Japani vilivyofuata, ndivyo vilivyotuwekea kilomita hizi mezani. Jiwe pia hujizungusha lenyewe, mara moja kwa kila saa 16 hadi 17. Hilo limejulikana kwa kuufuatilia mwanga wake unavyopanda na kushuka kidogo kidogo upande mmoja unapotupisha upande mwingine.

Sasa tuje kwa mgunduzi. Anaitwa Cyril Jackson, na aliligundua tarehe 5 Julai 1937 akiwa Johannesburg, Afrika Kusini, katika kituo cha kuangalia nyota kilichoitwa Union Observatory.

Jackson alizaliwa mwaka 1903 huko Ossett, Yorkshire, Uingereza, akahamia Afrika Kusini na familia yake angali mtoto. Alisoma Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kisha akaingia kazini Union Observatory mwaka 1928. Kituo chenyewe kilikuwa juu ya kilima, mashariki ya katikati ya mji. Kilianzishwa mwaka 1903 kama kituo cha hali ya hewa cha Transvaal, lakini mkuu wake wa kwanza, Robert Innes, alikuwa mtu wa nyota, na nyota zikaishinda mvua. Innes huyo ndiye aliyegundua pale pale, mwaka 1915, nyota ya Proxima Centauri, ambayo mpaka leo hakuna nyota inayojulikana iliyo karibu na Jua letu kuliko hiyo. Kwa hiyo Jackson hakuanza na mikono mitupu. Alikuta darubini, alikuta utaratibu wa kazi, na alimkuta mkubwa wake, Harry Wood, ambaye alikuwa akigundua asteroidi tangu mwaka 1911.

Darubini iliyofanya kazi kubwa pale ilikuwa ya Franklin-Adams, yenye lenzi ya inchi 10. Hiyo hata usiiwazie kama darubini ya kutia jicho. Ilikuwa kamera. Nyuma yake huingizwa bamba la kioo lililopakwa dawa inayoathiriwa na mwanga. Mtu hufanya kazi gizani, hulitoa bamba kwenye kasha lake kwa kupapasa, hulipachika, kisha hufungua kizibo na kuacha mwanga wa nyota uingie kwa muda mrefu, wakati mwingine saa nzima au zaidi. Muda wote huo Dunia inazunguka, kwa hiyo mashine ya saa huigeuza darubini polepole ili ifuatane na anga, na mwangaliaji naye hukaa jicho likiwa kwenye darubini ndogo ya pembeni, akirekebisha kila nyota aliyoichagua inapotaka kuchepuka. Shughuli yenyewe ni baridi na shingo kuuma.

Bamba likishasafishwa kwenye dawa na kukauka, nyota hutokea kama nukta nyeusi kwenye kioo cheupe, kwa sababu picha ile ni negativu. Nukta maelfu kwa maelfu. Katika maelfu hayo asteroidi ni nukta kama nyingine, haina alama yoyote. Kinachoifichua ni mwendo. Nyota haiondoki mahali pake, asteroidi huondoka. Jiwe lililo umbali wa Mombasa, likiwa upande wa anga ulioelekeana na Jua, husogea kwa siku moja karibu nusu ya upana wa Mwezi kama tunavyouona. Kwa saa moja husogea kidogo sana, lakini kwenye bamba zuri hata hicho kidogo kinapimika.

Basi unapiga picha mbili za sehemu ile ile ya anga kwa nyakati mbili, na mabamba yote mawili unayaweka kwenye mashine ambayo Innes aliitumia kuipata Proxima. Mashine hii ina tundu moja la kuchungulia, na kigeuzi kinachokuonyesha bamba la kwanza, halafu la pili, halafu la kwanza tena, haraka haraka. Nyota zote zinatulia kimya. Nukta moja inarukaruka, mara hapa mara pale. Hiyo ndiyo. Unaandika mahali ilipo, unasogeza kioo milimita chache, unaendelea. Wanaoisimulia kazi hii huizungumzia darubini sana na kuisahau meza, ilhali asteroidi nyingi za enzi hizo ziligunduliwa mchana, na mtu aliyekaa kwenye kiti.

Kuna jambo jingine ambalo naona halisemwi vya kutosha, nalo linaeleza kwa nini jiwe kama hili lilipatikana Johannesburg na si Ulaya, ambako wakati huo wawindaji wa asteroidi walikuwa wengi. Angalia tarehe za ugunduzi za Jackson. Kenya na Uganda, ndiyo, nazo ziko angani, zote mbili tarehe 15 Juni 1933. Tana, Julai 1935. Pemba, tarehe 2 Julai 1937, siku tatu kabla ya Mombasa. Katanga, Juni 1939. Na katika orodha yake nzima, nyingi ni za Mei, Juni au Julai, na hiyo si bahati nasibu. Asteroidi hung'aa zaidi zinapokuwa upande wa anga ulioelekeana na Jua, zinapofika juu kabisa usiku wa manane. Katika miezi hiyo Jua liko kaskazini, kwa hiyo upande unaoelekeana nalo uko kusini sana, kwenye makundi ya nyota ya Mshale na jirani zake. Mtu aliyeko Ujerumani huiona sehemu hiyo chini chini, karibu na upeo, kwenye ukungu na vumbi, na tena usiku wake wa kiangazi ni mfupi mno. Aliyeko Johannesburg huiona utosini. Na Johannesburg mwezi wa Julai ni kipupwe: usiku mrefu, hewa kavu, mvua hakuna wiki baada ya wiki. Ilikuwa nusu ya anga isiyo na mashindano makubwa, na Jackson aliitumia vilivyo. Mwishowe amehesabiwa asteroidi 72, pamoja na nyota mkia tatu, mbili kati yake zikiwa na jina lake na la mgunduzi mwenzake.

Lakini kuiona nukta inaruka hakutoshi kudai umegundua. Tatizo hili ni la zamani, limekuwapo tangu asteroidi ya kwanza. Giuseppe Piazzi alipoiona Ceres kule Palermo tarehe 1 Januari 1801, aliifuata kwa wiki chache akaugua, na baadaye ikapotelea kwenye mwanga wa Jua. Ilibidi kijana mmoja wa Ujerumani, Carl Friedrich Gauss, abuni hesabu mpya ya kuikadiria njia yake ndipo ikapatikana tena mwishoni mwa mwaka. Tangu hapo kanuni ni hiyo hiyo: jiwe lisilojulikana njia yake ni jiwe lililopotea.

Kwa hiyo kwanza jiwe hupewa jina la muda. La Mombasa lilikuwa 1937 NO, na ukiijua siri yake unaweza kulisoma. Herufi ya kwanza ni nusu ya mwezi: A ni nusu ya kwanza ya Januari, B ni nusu ya pili, na kuendelea, herufi I ikirukwa; N inaangukia tarehe 1 hadi 15 Julai. Herufi ya pili ni foleni ndani ya nusu mwezi huo, I ikirukwa tena, kwa hiyo O ni jiwe la 14. Pemba lilikuwa 1937 NH, la nane katika foleni hiyo hiyo. Mwambie kijana wako ajaribu na la Kenya, 1933 LA, na la Uganda, 1933 LB, aone kama atapata nusu ya mwezi yenye tarehe niliyoitaja juu.

Namba ya kudumu hutolewa baadaye, jiwe linapokuwa limeonekana mara za kutosha hata njia yake ikajulikana kwa uhakika. Zama hizo kazi hiyo ilikuwa ya taasisi ya mahesabu ya nyota ya Berlin. Baada ya vita ikahamia Marekani, kwanza Cincinnati mwaka 1947, halafu Cambridge, Massachusetts, ambako kituo cha sayari ndogo kipo hadi sasa. Ndiyo maana namba hazifuati tarehe za ugunduzi. Kuna asteroidi inayoitwa Tanga, iliyoonekana na Jackson na Wood mwezi Juni 1930, miaka saba kabla ya Mombasa. Namba yake? 1595. Tana ya mwaka 1935 ilipata 1641. Mombasa ilibahatika kufuatiliwa mapema, na ukiangalia daftari utaikuta imekaa na wenzake wa mwaka ule ule: 1427 Ruvuma, 1428 Mombasa, 1429 Pemba, 1430 Somalia, 1431 Luanda, 1432 Ethiopia. Zote sita ni za Jackson, zote za mwaka 1937. Hapo mtu anaona kabisa kwamba kulikuwa na ramani ya Afrika mezani.

Na hapo ndipo tunafika kwenye swali lako lenyewe, kwa nini Mombasa.

Desturi ni kwamba namba ikishatoka, mgunduzi ndiye mwenye haki ya kupendekeza jina. Mwanzoni majina yalikuwa ya miungu wa kike wa Warumi na Wayunani, kina Ceres, Pallas, Juno na Vesta. Hao waliisha haraka, hasa baada ya Max Wolf wa Heidelberg kuanza kutumia picha mwaka 1891 na mawe kumiminika. Watu wakaingiza majina ya wake zao, miji yao, marafiki zao. Kilichobaki kwenye desturi ya zamani ni kwamba jina lilipendelewa liwe na sura ya kike kwa masikio ya Kilatini, yaani lishie kwa a. Ndiyo maana Wood aliposhika Transvaal aliiongezea mkia ikawa Transvaalia, na Jackson mwenyewe mwanzoni alifanya hivyo hivyo, kama kwa Orangia.

Halafu soma orodha yake ya baadaye. Kenya, Uganda, Mombasa, Pemba, Tanga, Ruvuma, Nyanza, Tana, Ruanda, Katanga, Ndola, Zomba, Sofala, Letaba, Pongola, Kariba, Angola. Hata watu: Chaka mfalme wa Wazulu, Khama wa Wabechuana, Pamela ambaye ni binti yake. Yote yanaishia kwa a, bila kubandikwa mkia wowote! Yako machache yaliyoponyoka, kama Limpopo, lakini ni ya kuhesabu kwa vidole. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu kubwa iliyofanya ramani ya Afrika ya Mashariki na Kati imfae kiasi kile. Lugha za Kibantu zilimpa bure kile ambacho Wazungu wenzake walilazimika kukitengeneza kwa kuongeza silabi. Malindi na Lamu, kwa sifa zote za kale, zilikuwa na kasoro ya irabu ya mwisho.

Na sifa za mji? Mombasa mwaka 1937 ilikuwa bandari kuu ya Afrika Mashariki ya Waingereza. Meli za abiria na mizigo kutoka Ulaya kwenda Afrika Kusini kwa njia ya Suez zilitia nanga Kilindini, na reli ya kwenda Uganda ilianzia hapo. Kwa mtu wa Johannesburg jina lilikuwa linajulikana, liko kwenye ramani na kwenye ratiba za meli. Maelezo rasmi yaliyoambatana na jina ni mafupi sana: ni mji wa bandari wa Kenya, basi. Hakuna hadithi ya mapenzi wala ya safari iliyoandikwa. Kwa hiyo kijana asitafute uhusiano kati ya jiwe na mji. Mtu yeyote wa Mombasa hakuulizwa, wala wa Pemba, wala wa Tanga. Mambo hayakuendeshwa hivyo wakati huo, na sidhani kama hata Johannesburg yenyewe waliuliza mtu nje ya ofisi ile. Mawe hayo hayaelekeani na nchi yalizopewa kwa lolote. Kisiwa cha Pemba kina urefu wa kilomita zaidi ya 60, lakini jiwe la Pemba ni la kilomita 10 hivi, na si jeusi kama jirani yake Mombasa. Lina asili ya mwamba mwangavu zaidi. Kenya ni la kilomita 20 hivi. Kwa hiyo angani Mombasa ni kubwa kuliko Kenya, jambo ambalo najua watu wa Pwani watalipokea vizuri.

Haya, mjomba. Kuna kampuni nyingi za mtandaoni zinazouza vyeti vya kuita nyota jina la mpenzi wako. Vyeti ni vizuri vya kutundika ukutani, lakini hakuna mwanafalaki yeyote anayeyatambua majina hayo. Majina ya asteroidi hupitishwa na jopo la Umoja wa Kimataifa wa Astronomia na hayauzwi. Ila mjomba anaweza kujitetea kwa kisa kimoja cha kweli. Mwaka 1885, Johann Palisa wa Vienna, mmoja wa wagunduzi wakubwa kabisa wa asteroidi kwa macho, alitaka pesa za safari ya kwenda kutazama kupatwa kwa Jua kwa mwaka uliofuata. Akatangaza hadharani kwamba anauza haki ya kuipa jina asteroidi yake kwa pauni 50. Hatimaye asteroidi ya 250 ikaitwa Bettina, jina la mke wa Baroni Albert von Rothschild, tajiri wa benki, aliyelipa pesa hizo. Kwa hiyo biashara iliwahi kufanyika. Leo haifanyiki.

Masharti ya sasa si mengi. Jina lisizidi herufi 16, lisiwe tusi, lisifanane mno na lililokwisha kuwapo, liweze kutamkika katika lugha fulani. Jina la mwanasiasa au mwanajeshi halikubaliwi mpaka ipite miaka 100 tangu afariki, sharti ambalo binafsi naliona la busara kupita yote. Majina ya kibiashara hayatakiwi, na ya paka na mbwa hayapendezi. Mgunduzi ana miaka kumi ya kupendekeza tangu namba itoke. Mawe yanayojulikana sasa yamepita milioni moja, lakini yenye majina ni elfu ishirini na kitu tu, kwa hiyo wengi wanabaki na namba maisha yao yote. Mitambo ya leo hugundua mengi kuliko watu wanavyoweza kufikiria majina. Darubini ya Vera Rubin kule Chile, katika picha zake za kwanza zilizotolewa Juni 2025, ilionyesha asteroidi mpya zaidi ya 2,000 kwa saa kama kumi za kutazama. Jackson alipata 72.

Kama kinachowauma ni kwamba jina letu lilichukuliwa bila sisi kuulizwa, mambo yamebadilika kidogo. Mwaka 2019 Umoja huo wa Astronomia uliipa kila nchi nyota moja yenye sayari, wananchi wapendekeze na kupiga kura. Kenya ikachagua Kalausi kwa nyota na Buru kwa sayari yake, maneno ya Kijaluo ya kimbunga na vumbi. Tanzania ikaita nyota yake Mpingo na sayari yake Tanzanite. Majina hayo ni rasmi.

Na kijana akitaka kuwa na jiwe lake mwenyewe, njia ipo na haina malipo. Kuna mpango wa kimataifa wa kutafuta asteroidi kwa ajili ya shule, unaojulikana kwa kifupi kama IASC, unaoendeshwa kutoka Chuo Kikuu cha Hardin-Simmons huko Texas. Shule hujiandikisha kupitia mwalimu, hutumiwa picha za darubini iliyoko Hawaii, na wanafunzi huzipitia kwenye kompyuta wakitafuta nukta inayosogea. Ni kazi ile ile ya Jackson, bila kioo wala baridi. Atakachokiona hakitapata namba kesho. Uthibitisho huchukua miaka, mara nyingi sita hata kumi, na mawe mengi yanayoonekana hugundulika baadaye kwamba yalikwisha kujulikana. Lakini wapo wanafunzi waliofika mwisho wakapewa nafasi ya kupendekeza jina. Azungumze na mwalimu wake wa fizikia.

Kuiona 1428 Mombasa yenyewe ni shughuli kidogo. Kwa macho matupu haiwezekani kabisa: hata ikiwa katika hali yake bora, ni hafifu zaidi ya mara mia tano kuliko nyota dhaifu kabisa ambayo jicho zuri huiona penye giza. Inahitaji darubini yenye kioo cha sentimita 20 au zaidi, na sehemu isiyo na taa, kwa hiyo Nyali na Mvita msahau. Nendeni bara, Taita au Tsavo, usiku usio na mwezi. Nafasi nzuri hujirudia kila baada ya miezi 15 hivi, Dunia inapolipita jiwe kwa ndani. Aingie kwenye tovuti ya kituo cha sayari ndogo, aandike namba 1428 na mahali alipo, atapewa mahali pa kuelekeza darubini kwa saa na tarehe. Kisha achore nyota anazoziona hapo, arudi kesho yake mahali pale pale, aangalie ni ipi imehama.